Mapenzi ni Yenu. Je, Nyumba ni ya Nani?

Mkiwa mnapendana, kila kitu ni "chetu". Siku mambo yakienda kombo, jaji haulizi nani alimpenda mwenzake zaidi. Anauliza jina la nani liko kwenye karatasi.

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuongee jambo ambalo wapenzi wengi hulikwepa kama ugonjwa: nyumba. Sina maana ya sebule ipakwe rangi gani, wala kochi liwe la ngozi au la kitambaa. Naongelea makaratasi. Jina la nani liko kwenye mkataba wa pango? Nani kaandikwa kwenye hati? Mmoja wenu akiondoka leo usiku na begi lake, nani ana haki ya kubaki?

Nimeamua kuanzia Uingereza, na nina sababu zangu. Kwanza, ndugu na marafiki zetu wengi wako kule. Kila mwaka wapo wanaopanda ndege kwenda kusoma, kubeba boksi, au kumfuata mwenza. Pili, sheria za Tanzania na Kenya zimerithi mengi kutoka kwa Waingereza, hivyo ukijua wao wanafikirije, unaona pia pale tulipoachana nao njia. Tatu, kule kuna aina ya mwanasheria ambaye kila siku anaona nyumba za watu zikigeuka kesi. Ukijua kinachopita mezani kwake, utakaa na mwenzako mapema, kabla hamjafika huko.

Barista, lakini si wa kahawa

Huku kwetu wakili unayekaa naye ofisini ndiye huyo huyo anayesimama mbele ya jaji. England na Wales kazi hiyo wameigawa mara mbili. Yupo solisita, ambaye mteja humwendea kwanza. Anapokea malalamiko, anaandika barua, anakusanya ushahidi. Halafu yupo barista, mtaalamu wa kusimama mahakamani na kutoa maoni ya kisheria kwenye mambo magumu. Kwa desturi barista hupewa kazi na solisita, ingawa tangu 2004 mwananchi anaweza kumwendea moja kwa moja kwa baadhi ya mashauri.

Njia ya kufika hapo si fupi. Mtu anasoma sheria, anasoma kozi maalumu ya mabarista, na lazima awe mwanachama wa moja ya taasisi 4 za kale za London: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Baada ya hapo anakaa mwaka mmoja akijifunza chini ya barista mzoefu. Nimewahi kupita mitaa ile ya Temple. Ni viwanja vyenye bustani na majengo ya matofali, na kila mlangoni pameandikwa majina ya mabarista waliomo, utadhani ubao wa matokeo ya mtihani. Wengi wamejiajiri. Wanachanga kulipia ofisi na makarani, lakini kila mtu anakula kwa jasho lake.

Wana kanuni moja niliyoipenda, inayofananishwa na kijiwe cha teksi. Dereva aliye mbele hachagui abiria. Vivyo hivyo barista mwenye nafasi na ujuzi wa kesi hiyo hatakiwi kuikataa eti kwa sababu hampendi mteja. Ndiyo maana barista wa nyumba anaweza leo kumtetea mpangaji anayetolewa vyombo nje, na wiki ijayo akamsimamia mwenye nyumba. Wapo pia waliochagua kujulikana kwa upande mmoja tu, hasa wa wapangaji.

Wiki moja mezani kwake

Kwenye sheria ya nyumba na ardhi, barista hukutana na mafaili ya aina nne hivi.

Faili la kwanza ni la kodi. Mpangaji ana malimbikizo, mwenye nyumba anataka nyumba yake. Usitegemee mawigi na hotuba ndefu kama kwenye sinema. Kesi hizi husikilizwa kwenye mahakama ya kaunti, mara nyingi katika chumba kidogo chenye meza, watu wamevaa suti za kawaida. Siku moja jaji anaweza kupangiwa msururu wa kesi, na kila moja ikapewa dakika chache tu. Ndani ya dakika hizo familia inaweza kupoteza paa, au kupewa nafasi ya kulipa kodi ya kila wiki pamoja na kipande cha deni huku ikiendelea kukaa.

Faili la pili ni la nyumba mbovu. Paa linavuja, bomba la kupashia joto limekufa, ukuta umeota ukungu. Sheria ya mwaka 1985 inambana mwenye nyumba atengeneze muundo wa nyumba, mabomba, umeme na mfumo wa joto. Ile ya 2018 ikaongeza kwamba nyumba lazima ifae kuishi binadamu, tangu siku ya kwanza hadi mwisho wa upangaji.

Faili la tatu ni la wasio na makazi. Mtu ameiomba halmashauri ya mji imsaidie, ikamjibu kwamba kujikosesha nyumba amejitakia mwenyewe. Ana siku 21 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Akishindwa hapo, ana siku nyingine 21 za kukata rufaa mahakama ya kaunti kwa hoja ya kisheria. Siku zikipita, mara nyingi na haki imepita.

Faili la nne ndilo lililonifanya niandike makala hii. Ni la watu wawili waliowahi kupendana, wanaogombania nyumba moja.

Majina mawili, notisi moja

Tuchukue mfano. Tuwaite Juma na Neema. Wanaishi London kwenye nyumba ya halmashauri, au "nyumba ya kaunsili" kama ndugu zetu wa kule wanavyosema. Mkataba una majina yao wote wawili, na unajirudia kila wiki bila tarehe ya mwisho. Wanajiona wako salama, maana wote wameandikwa. Siku moja wanagombana, Neema anaondoka. Kule alikohamia anaandika notisi ya wiki 4 kwa halmashauri kwamba anaacha nyumba. Juma hajasaini chochote. Pengine hata habari hana.

Je, Juma anabaki? Wengi wangesema ndiyo. Sheria ya England inasema hapana. Upangaji wa pamoja wa aina hiyo unaendelea tu kama wapangaji wote wanautaka uendelee. Mmoja akikataa kwa notisi halali, umekwisha kwa wote wawili. Hivyo ndivyo Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho, liliamua mwaka 1991 katika kesi ya Hammersmith and Fulham dhidi ya Monk. Wapo waliotarajia uamuzi huo ungeanguka kwa hoja za haki za binadamu. Mwaka 2014, kwenye kesi ya Sims dhidi ya Dacorum, Mahakama ya Juu ikausimamisha tena. Katika kesi hiyo ya pili mke ndiye aliyeondoka akilalamika kupigwa, kisha akatoa notisi. Mume aliyebaki akaikosa nyumba.

Ukilitazama hilo kutoka upande mmoja, ni kali. Mtu anaweza kulala na nyumba, akaamka hana. Ukilitazama kutoka upande wa mwanamke aliyekimbia kipigo, ndiyo njia ya kujinasua kutoka kwenye mkataba unaomfunga na mtu anayemtesa. Maana kuna mzigo mwingine ambao watu hawausomi pale wanaposaini kwa furaha. Kwenye upangaji wa pamoja kila mmoja anadaiwa kodi yote, wala si nusu yake. Mwenzako akitokomea, mwenye nyumba hana haja ya kumtafuta. Wewe upo, utalipa.

Nina dada mmoja niliyesoma naye chuo, sasa anaishi Leicester. Walipanga na mchumba wake nyumba ya mtu binafsi, majina mawili. Jamaa akapata kazi mji mwingine na mpenzi mwingine, akaacha kulipa bila kusema. Dada wa watu aliletewa deni zima la miezi miwili. Yeye alikuwa amelipa sehemu yake kila mwezi, na risiti anazo. Risiti hizo zilionyesha alilipa nusu, na mkataba ulisema anadaiwa zima. Ilimchukua karibu mwaka kulimaliza.

Ushauri wa kwanza, basi: kama penzi linayumba na jina lako liko kwenye mkataba wa pamoja, muone mwanasheria kabla notisi haijaandikwa. Wakati huo yapo mambo ya kufanya. Mahakama inaweza kuombwa imzuie mwenzako asiitoe, na inaweza pia kuombwa iuhamishie upangaji kwa mmoja wenu. Notisi ikishatolewa na muda wake ukaisha, hata barista hodari hana mengi ya kukusaidia.

Uchumba sugu hauna mtetezi

Sasa tuwageukie wale walionunua, au mmoja kanunua na mwingine kahamia. Kule Uingereza kuna imani iliyoenea kwamba mkikaa pamoja miaka kadhaa sheria inawahesabu kama mke na mume. Kwa England na Wales hiyo ni hadithi tu. Haijalishi ni miaka 2 au 20. Bila ndoa au muungano uliosajiliwa, hakuna mgawanyo wa mali kama ule wa talaka. Scotland wana sheria zao tofauti, kwa hiyo usichanganye.

Kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria kule huisoma ni Burns dhidi ya Burns. Mwanamke aliishi na mwanaume miaka 19. Alitumia jina lake la ukoo, akazaa naye watoto wawili, akawalea. Mshahara wake ulipoanza kuingia, aliutumia kwa mambo ya nyumbani, pamoja na kununua fanicha na mashine ya kufulia. Nyumba ilikuwa kwa jina la mwanaume, na ndiye aliyelipa mkopo wake. Walipoachana, mahakama ya rufaa ilisema mama yule hana hisa hata moja kwenye nyumba. Majaji waliliona tatizo, wakasema kulirekebisha ni kazi ya Bunge.

Shosti, soma tena aya hiyo. Yeye analipa mkopo wa nyumba, wewe unalipa chakula, ada, umeme na nguo za watoto. Kwenu huo ni ushirikiano, tena mzuri. Kwenye daftari la sheria ya England, mmoja ananunua mali na mwingine ananunua vitu vinavyoisha.

Tangu hapo majaji wamelegeza kidogo. Mwaka 2007, kesi ya Stack dhidi ya Dowden iliwahusu wenza wasiooana wenye watoto 4 na nyumba ya majina mawili. Kanuni ya kuanzia ikawa hivi: majina mawili maana yake nusu kwa nusu, na anayetaka zaidi athibitishe kwamba makubaliano yenu yalikuwa mengine. Katika kesi ile mwanamke alikuwa amechangia zaidi na fedha zao walizitenga mno, akapewa asilimia 65. Mwaka 2011 ikaja Jones dhidi ya Kernott. Walinunua nyumba pamoja huko Essex mwaka 1985, mwanaume akaondoka 1993, mwanamke akabaki akilipa peke yake kwa zaidi ya miaka 14. Mahakama ya Juu ilimpa mwanamke asilimia 90 na mwanaume 10.

Haki ikatendeka, utasema. Ndiyo, lakini piga hesabu ya njia. Hizo ni kesi zilizopanda ngazi zote za mahakama hadi kileleni, kila ngazi na mabarista wake, na kila barista na ankara yake. Na swali lililogombaniwa lingeweza kujibiwa siku ya kununua. Fomu ya kuhamisha umiliki kule, wanaiita TR1, ina sehemu ambapo wanunuzi wanatamka kama wanamiliki sawa kwa sawa au kwa mafungu. Ni kuweka alama kwenye kisanduku na kusaini.

Kisanduku hicho kina jambo jingine la kukufanya ufikiri. Mkiandikwa wamiliki wa pamoja moja kwa moja, mmoja akifa nyumba yote inakwenda kwa aliyebaki, hata kama wosia unasema vingine. Mkiandikwa kwa mafungu, fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Kama una mtoto uliyempata kabla ya uhusiano huu, au unajenga kwa ajili ya wazazi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko rangi ya sebule.

Na huku nyumbani je?

Hapa ndipo tulipoachana njia na Waingereza, na kwa hili tunaweza kujisifu kidogo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mwanaume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mke na mume, mahakama itadhania kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hata ikivunjwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Kwa hiyo uchumba sugu wa Sinza una kinga ambayo uchumba sugu wa London hauna.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, lakini mlango alioufungua umepitiwa na wanawake wengi baada yake. Hebu fikiria: mashine ya kufulia ya mama yule wa Uingereza haikuhesabika, na mikono ya kufua ya mama wa Kitanzania ikahesabika.

Tena nyumba ya familia hapa haiuzwi wala kuwekwa rehani kimyakimya. Ridhaa ya mwenza inatakiwa. Ukiona benki inadai saini ya mkeo kabla ya kukupa mkopo kwa hati ya nyumba mnayoishi, usikasirike bwana, ni sheria.

Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 nayo inahesabu malezi na kazi za nyumbani kuwa mchango. Ila Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa angalizo kwamba kuoana peke yake hakukupi nusu. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Siku hiyo hiyo, katika kesi nyingine, ilisema dhana ya ndoa itumike kwa uangalifu, lakini ikampa aliyechangia hisa kwenye mali kwa kanuni ya dhamana. Kanuni hiyo asili yake ni kule kule England. Unaona mzizi ni mmoja?

Kwa hiyo hata huku, kinga si sababu ya kulala. Kuthibitisha kwamba majirani waliwaona kama mke na mume, kuita mashahidi, kutafuta risiti za saruji za miaka 9 iliyopita, yote hayo ni kazi na ni aibu mbele za watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndoto ya nyumba ya kaunsili

Turudi Uingereza kwa jambo moja ambalo wengi wanaoondoka hapa hawaambiwi. Nyumba za jamii, yaani zile za halmashauri na za vyama vya nyumba, kodi yake kwa kawaida iko chini ya bei ya soko, na mpangaji ana ulinzi mkubwa kuliko aliyepanga kwa mtu binafsi. Lakini foleni ni ndefu, tena si kila mtu anaruhusiwa kupanga foleni. Viza nyingi za masomo na kazi hubeba sharti la kutotumia fedha za umma, na kuomba nyumba ya halmashauri kunaingia humo. Mwenye nyumba binafsi naye kule England hutakiwa kukagua hati zako za kuishi nchini kabla hajakupangisha.

Kwa hiyo wengi wetu kule huanzia kwenye nyumba za watu binafsi. Kwa miaka mingi mwenye nyumba England aliweza kumtoa mpangaji bila kutaja kosa lolote, kwa notisi maarufu ya kifungu cha 21 cha sheria ya 1988. Sheria mpya ya haki za wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 ilipanga notisi hizo zikome tarehe 1 Mei 2026. Mwenye nyumba anabaki na njia ya kwenda mahakamani akiwa na sababu inayotambuliwa, kama vile malimbikizo ya kodi au kutaka kuiuza nyumba.

Waliofanikiwa kupata nyumba ya jamii nao wana lao. Upangaji unaweza kurithiwa na mwenza anayeishi humo mpangaji akifa, lakini kwa kawaida ni mara moja tu. Kwa upangaji wa halmashauri ulioanza baada ya 1 Aprili 2012, mtoto mkubwa hana tena haki hiyo kwa sheria, labda mkataba wenyewe umpe. Vijana waliolelewa nyumba moja miaka yote hushtuka mama akifariki.

Na kuna ukungu. Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak wa mji wa Rochdale alifariki siku chache baada ya kutimiza miaka 2. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba alianza kulalamika kuhusu ukungu wa nyumba ile mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alisema mtoto alikufa kwa sababu ya kuvuta hewa yenye ukungu kwa muda mrefu. Nchi ilishtuka, na ikazaliwa sheria yenye jina la mtoto huyo. Tangu 27 Oktoba 2025, wenye nyumba za jamii England lazima washughulikie hatari za dharura ndani ya saa 24. Ukungu mkubwa wauchunguze ndani ya siku 10 za kazi, na wakikuta ni hatari, waiondoe ndani ya siku 5 za kazi.

Wageni wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Kulalamikia ukungu si ukorofi. Lalamika kwa maandishi, piga picha zenye tarehe, tunza nakala. Barista akilishika faili lako, hayo ndiyo atakayoyaweka mbele ya jaji.

Ukijikuta mlangoni mwa mahakama

Msaada wa kisheria wa serikali kule ulikatwa sana kuanzia Aprili 2013, na kesi nyingi za ubovu wa nyumba zikaachwa nje isipokuwa afya ikiwa hatarini. Lakini kwa anayekabiliwa na kupoteza nyumba kuna huduma ambayo wengi hawaijui. Tangu Agosti 2023 England na Wales zina mpango wa kumpa ushauri wa bure mtu aliyepata barua ya kutakiwa kutoka, na mwanasheria wa zamu kumsaidia siku ya kesi, bila kujali kipato chake. Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote ni kutokwenda. Kiti kikiwa kitupu, zile dakika chache zinatumika na upande wa pili peke yake.

Kaeni chini, muulizane

Wikiendi hii, mkishamaliza kula, zimeni televisheni muulizane haya. Yanafaa Mbezi, Nairobi, na hata Manchester.

1. Jina la nani liko kwenye mkataba au hati? Tumesoma wote wawili, au kasoma mmoja?
2. Mmoja akishindwa kulipa, mwingine anadaiwa nusu au yote?
3. Kama ni ya kununua, mafungu yetu ni yapi? Yameandikwa wapi?
4. Anayelipa chakula na ada wakati mwingine analipa mkopo, mchango wake tunauhesabuje?
5. Fedha za wazazi zilizoingia humu ni zawadi au ni deni?
6. Mmoja akifa kesho, nani anabaki humu ndani? Watoto wa nje ya uhusiano huu je?
7. Tukiachana, nani anaondoka, na anapewa muda gani?

Majibu yaandikeni, wote msaini. Kama kuna nyumba au kiwanja ndani yake, mpelekeeni wakili ayaweke sawa kisheria.

Najua atakayenuna. Atasema, kwani huniamini? Mjibu kwa upole kwamba unamwamini sana, ndiyo maana unataka mwandikiane wakati huu ambapo kila mmoja bado anamtakia mwenzake mema. Siku ya ugomvi hakuna anayegawa kwa huruma. Hata maharusi wanaokwenda bomani husaini cheti mbele ya mashahidi, na hakuna anayesema hawapendani.

Haya, kalamu na karatasi mezani. Na yule atakayekataa kabisa kuandika, huyo naye amekupa jibu. Tukutane mwezi ujao.